Nimemaliza PCM, naishi Tanga, nataka kutafiti animesheni: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 20, naishi Ngamiani, Tanga. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya PCM na sasa namsaidia mjomba kwenye steshenari yake: kutoa kopi, kudizaini kadi za harusi na mabango. Usiku natumia kompyuta ya dukani kujifunza Blender, programu ya kutengeneza animesheni. Nimeshatengeneza vipande vifupi vya animesheni na watu wanavipenda, lakini kinachonivutia zaidi ni kujua programu yenyewe inafanyaje kazi. Nasikia kuna watu kazi yao ni kutafiti grafiki za kompyuta. Je, ni kazi kweli? Hesabu zake ni ngumu kiasi gani? Rafiki yangu ananishauri niende chuo cha sanaa Bagamoyo. Mjomba anasema hizi ni katuni tu, nisome uhasibu. Na mimi naogopa akili unde itakuwa imemaliza kila kitu kabla sijafika. Naomba ushauri.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni mengi, lakini sentensi iliyonikalisha chini kukujibu ni ile unayosema unataka kujua programu yenyewe inafanyaje kazi. Wengi wanaoniandikia wanataka kutengeneza filamu. Nawatakia heri kwa moyo wote, ila njia yao ni nyingine. Wewe unauliza swali la mtafiti, basi nami nitakujibu hivyo, kwa kirefu.

Ndiyo, ni kazi. Msanii wa animesheni anaitumia programu, mhandisi anaiunda na kuitunza, na mtafiti anahangaika na jambo ambalo programu zilizopo bado haziliwezi. Anachozalisha ni makala yenye wazo jipya, hesabu inayolibeba wazo hilo, na picha za kuthibitisha kwamba linafanya kazi vizuri kuliko yaliyotangulia. Makala hizo huwasilishwa kwenye mikutano, maarufu kuliko yote ikiwa SIGGRAPH, iliyoanza mwaka 1974 huko Boulder, Colorado. Bara letu nalo lilipata mkutano wake wa fani hii, AFRIGRAPH, wa kwanza ukifanyika Cape Town mwaka 2001. Watafiti wenyewe wameajiriwa na vyuo vikuu, na wengine wako kwenye maabara za kampuni kama Pixar, NVIDIA, Adobe, na Disney, ambayo ina maabara ya utafiti mjini Zürich, Uswisi.

Na kazi zao unazishika kila usiku bila kuambiwa. Ile mofidaya ya Blender inayogawa uso wa umbo mpaka uwe laini ina maneno Catmull-Clark. Ni majina ya watu: Ed Catmull na Jim Clark, walioichapisha njia hiyo mwaka 1978. Catmull tangu utotoni alitaka kuwa mchoraji wa katuni, akajiona hana kipaji cha kutosha cha mkono, akaenda kusoma fizikia na sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Utah. Tasnifu yake ya mwaka 1974 ilieleza namna ya kuivisha picha juu ya umbo, na namna ya kompyuta kujua kipi kiko mbele na kipi kimefichwa kwa kukumbuka umbali wa kila pikseli, yaani kila kidoa kidogo cha picha. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar mwaka 1986, na Tuzo ya Turing ya mwaka 2019, tuzo ya juu ya sayansi ya kompyuta, ilikwenda kwake na kwa Pat Hanrahan.

Chuo hichohicho alipita kijana aliyezaliwa Hanoi, Vietnam, Bui Tuong Phong. Alimaliza udaktari mwaka 1973, makala yake ikachapishwa 1975, na mwaka huohuo akafariki akiwa bado kijana. Njia yake ya kukadiria mng'ao wa taa kwenye kitu laini inafundishwa hadi leo kwenye masomo ya mwanzo ya grafiki dunia nzima. Namtaja kwa makusudi, maana ukiwa Ngamiani ni rahisi kudhani fani hii ni ya watoto wa California peke yao.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote nitakayoyasema. Mtafiti haanzi na shahada wala na kompyuta ya bei mbaya. Anaanza na kitu anachokiona kwa macho yake kila siku, ambacho kompyuta ikijaribu kukichora inakikosea, kisha anakataa kukiacha mpaka ajue kosa liko wapi. Vitu vya namna hiyo Tanga vimejaa, na vingi havijaulizwa na mtu. Nitakupa vitatu, na cha kwanza nitakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha hesabu zenyewe zilivyo.

Chukua khanga. Kwenye kompyuta khanga ni wavu wa nukta. Tuseme nukta 50 kwa 50, jumla 2,500, kila moja na masi yake ndogo. Kila nukta imefungwa kwa jirani zake kwa springi. Kuna springi za kufuata uzi, wima na mlalo, zinazozuia kitambaa kurefuka. Kuna za mshazari, zinazozuia vile viraba vya wavu visilale upande. Na kuna zinazoruka nukta moja na kushika ya pili yake. Hizo zinazuia kitambaa kujikunja kirahisi kupita kiasi. Mpangilio huu Xavier Provot aliueleza mwaka 1995, na kwa wavu wetu unatoa springi zaidi ya 14,000. Kani ya kila springi unaijua tayari: ni kanuni ya Hooke uliyoifanyia mtihani. Jumlisha kani zote zinazoivuta nukta, ongeza uzito na upepo, gawa kwa masi, umepata mchapuko. Mchapuko unakupa kasi mpya, kasi inakupa mahali papya. Rudia kwa nukta zote. Fizikia yake ni ya kidato cha tano, na kijana wa PCM aliyejifunza kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, anaweza kuiandika mwenyewe.

Halafu khanga yako italipuka.

Italipuka kwa sababu ifuatayo. Pamba iliyofumwa karibu haivutiki ukiivuta kwa kufuata uzi, kwa hiyo springi zako lazima ziwe ngumu sana. Kompyuta nayo haitembei mfululizo, inaruka hatua kwa hatua. Inapima kani mwanzoni mwa hatua na kuichukulia kwamba itabaki vilevile mpaka mwisho wake. Springi ikiwa ngumu na hatua ikiwa ndefu, nukta inarudishwa kwa nguvu, inapitiliza mahali pake pa kutulia, inafika mbali kuliko ilikotoka, inarudishwa kwa nguvu kubwa zaidi, na baada ya fremu chache khanga imetawanyika nje ya skrini. Ukiongeza ugumu wa springi mara 100, hatua unatakiwa uifupishe mara 10 ndipo usalimike. Fremu moja ya filamu ni sehemu ya 24 ya sekunde; unaweza kujikuta unaikatakata vipande mamia kwa ajili ya kitambaa kimoja.

Mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin walichapisha makala iliyoufungua mlango huo. Badala ya kupima kani mwanzoni mwa hatua, waliuliza hivi: nukta zote zinatakiwa ziwe wapi mwishoni mwa hatua, ili kani za pale mwishoni ziafikiane na mwendo uliozifikisha hapo? Swali hilo linazaa milinganyo inayotegemeana yote kwa pamoja. Kwa khanga yetu ni mambo 7,500 yasiyojulikana, kwa kuwa kila nukta inaweza kwenda pande tatu. Milinganyo inakaa kwenye matriksi kubwa ambayo karibu yote ni sifuri, maana kila nukta inawajua jirani zake tu, na wingi huo wa sifuri ndio unaoiwezesha kompyuta kuitatua haraka. Tangu hapo kitambaa kikaweza kupiga hatua ndefu bila kulipuka. Ukija kukutana na somo la matriksi chuoni na kuliona kavu, kumbuka ndilo linaloizuia khanga isitawanyike.

Ila njia hiyo ina gharama yake. Inakula nguvu ya mwendo. Kitambaa kinatulia mapema kuliko kinavyostahili, mikunjo midogo inafifia, upepo wa baharini unapita na khanga inacheza kama iko ndani ya maji. Ndiyo maana utafiti wa nguo haukuisha mwaka 1998, na haujaisha leo.

Hapo sasa ndipo unapoingia wewe, mtu wa pwani. Khanga mpya ni ngumu, bado ina wanga wa kiwandani. Ikishafuliwa mara kadhaa inalainika na kuanguka mwilini vingine kabisa. Mama akijifunga doti, moja kiunoni na nyingine kichwani au mabegani, anakaza ncha kwa kuisokota na kuichomeka. Hakuna pini, hakuna kifungo. Kinachoshika ni msuguano wa kitambaa kwa kitambaa, na kinashika siku nzima, sokoni, jikoni, kwenye daladala. Jaribu kulifanya hilo kwenye Blender usiku wa leo. Msokoto utapenya ndani ya kiuno au utajifungua wenyewe. Simulesheni za mavazi kwa sehemu kubwa zimekua kwenye nguo zilizokatwa na kushonwa. Nguo inayoshikwa kwa kufungwa, iwe khanga, msuli, kilemba au shuka ya Mmasai, inadai hesabu nzito ya mgusano na msuguano, tabaka juu ya tabaka, na pale bado pana kazi ya watu wengi.

Cha pili ni nywele, na hili linaniuma zaidi. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walichapisha njia ya kuchora manyoya kwa kompyuta. Mwaka 2003 Steve Marschner na wenzake wakaeleza kwa undani namna mwanga unavyopita ndani ya unywele mmoja na kutoka upande wa pili. Ni kazi nzuri mno, na nakusihi uzisome. Lakini kwa miaka mingi neno nywele katika makala za fani hii lilimaanisha nywele zilizonyooka au zenye mawimbi. Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kuwa mtafiti Pixar, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba mbinu zetu za kuchora binadamu, ngozi na nywele, zilijengwa juu ya sura za Wazungu na kuitwa za binadamu wote. Mwaka 2024 yeye, A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na wenzao walichapisha makala kuhusu nywele za kipilipili: namna zinavyokaa kama sifongo karibu na ngozi ya kichwa kisha zikajikusanya kuwa misokoto, na namna msokoto mmoja unavyoweza kugeuza mwelekeo wake katikati ya safari.

Hesabu miaka hapo, mdogo wangu. Toka 1989 mpaka 2024. Na makala moja haitoshi kichwa kizima. Msusi wa barabara yoyote ya Ngamiani anajua mambo ambayo hayajaandikwa kwa mlinganyo: nywele zikikauka baada ya kuoshwa zinavyojirudi na kufupika, njia ya kitana inavyoshika bila gundi, twende kilioni inavyolegea kwenye mizizi wiki ya pili wakati ncha bado imekaza, uzi unavyobadili umbo la nywele hata ukishafunguliwa. Kaa naye. Muulize. Piga picha kwa ruhusa ya wenye vichwa. Anachokijua yeye kwa vidole ni data ambayo maabara nyingi hazina.

Cha tatu ni jua letu na kuta za zamani, na hapa nitapita haraka. Siku hizi unaweza kupiga picha nyingi za jengo kwa simu na kompyuta ikakurudishia jengo lenyewe la kuzunguka pande zote. Njia iliyotikisa fani ilichapishwa mwaka 2020 kwa jina la NeRF, na mwaka 2023 ikaja nyingine iliyojenga kwa mamilioni ya madoa laini yanayopishana, yenye kasi kubwa zaidi. Ukienda kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wako, ukapiga picha saa saba mchana, utapata msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, lakini pia utapata kivuli cha saa saba kimegandia ukutani milele. Kutenganisha rangi ya jiwe lenyewe na jua lililolipiga ni swali gumu ambalo watafiti wanalikimbiza hivi sasa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulishapima Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mitambo ya leza. Wewe anza na ukuta mmoja na simu yako, na omba ruhusa kwa wasimamizi wa eneo kabla hujaweka mguu.

Hesabu sasa. Umeuliza ni ngumu kiasi gani. Ni ngumu, ila si nyingi kwa aina. Vekta na matriksi ndizo lugha ya kila siku. Kalkulasi inafuata, kwa sababu kila kinachosogea na kila kinachopinda kinaelezwa kwa kasi ya mabadiliko yake. Na uwezekano, ambao vijana wengi huushangaa kuukuta huku. Mwaka 1986 Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaosema: mwanga unaotoka kwenye nukta ni ule ambao nukta inautoa yenyewe, ukijumlisha na mwanga wote unaoifikia kutoka pande zote, kila mwali ukipunguzwa kadiri uso ulivyo. Mwanga unaoifikia nao umetoka kwenye nukta nyingine zenye hadithi hiyohiyo, kwa hiyo mlinganyo unajimeza. Haufumbuliki kwa kalamu. Kompyuta inaukadiria kwa kurusha miali kwa kubahatisha na kuchukua wastani. Zile chembechembe unazoziona picha ikiwa haijaiva kwenye Blender ni kosa la takwimu mbele ya macho yako, na ili ulipunguze nusu unahitaji miali mara nne. Ndiyo maana kurenda, yaani kuisubiri kompyuta iikamilishe picha, kunachosha. Watafiti wamejenga maisha yao ya kazi juu ya swali la kuirusha miali kwa busara zaidi.

Kwa hiyo chuoni chagua shahada yenye hesabu ndani yake: sayansi ya kompyuta, hisabati, au uhandisi wa kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vyote vinafundisha haya, na kwa uzamili ipo Nelson Mandela kule Arusha. Omba Bodi ya Mikopo mapema, nyaraka za familia zikiwa sawa. Kuwa makini na kozi za medianuwai zinazokufundisha vitufe vya programu moja bila hesabu yoyote. Zitakupa kazi ya haraka na kukufungia mlango unaoutafuta. Shahada yako huenda isiwe na somo la grafiki hata moja. Hilo lisikutishe. Cem Yuksel wa Chuo Kikuu cha Utah ameweka mihadhara yake yote ya grafiki YouTube bure, na Keenan Crane wa Carnegie Mellon ameweka ya jiometri. Peter Shirley ameandika mwongozo mfupi, nao ni bure, wa kukuwezesha kuandika programu yako ya kufuatilia miali tangu mstari wa kwanza. Pakua usiku wakati bando ni nafuu, na uandike kila mfano kwa vidole vyako. Kunakili na kubandika hakujamfundisha mtu hesabu.

Kuhusu Bagamoyo. Rafiki yako hajakosea kabisa. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kinafundisha mwili, ngoma, jukwaa na sanaa za mikono kwa namna ambayo hakuna idara ya kompyuta itakayokufundisha. Ungetaka kuwa msanii ningekuambia nenda. Kwa unachokitaka wewe, nenda kwa jicho: wakati wa tamasha lao kaa siku nzima na daftari, utazame uzito wa mchezaji unavyohama kabla mguu haujanyanyuka. John Lasseter wa Pixar aliwasilisha SIGGRAPH mwaka 1987 makala iliyoeleza kanuni za wachoraji wa zamani wa katuni kwa watu wa kompyuta, na wanasayansi wakaona kumbe mwendo sahihi kwa fizikia bado unaweza kuonekana umekufa. Mtafiti wa animesheni asiyejua kutazama mwili hawezi kujua kama algoridhimu yake imefaulu.

Akili unde. Najua hofu hii, na siichukulii kwa wepesi, maana wasanii wa mabango na kadi wameshaanza kuonja makali yake, labda hata pale dukani kwenu. Kwa utafiti picha ni tofauti. NeRF niliyoitaja ni akili unde, mtandao wa nyuroni unaojifunza eneo kutokana na picha. Lakini hesabu inayogeuza ulichojifunza mtandao kuwa pikseli ni ya kufuata mwali ndani ya wingu la chembe, na watungaji wake waliichukua kutoka makala ya mwaka 1984 ya Kajiya na Brian Von Herzen. Aliyeijua hesabu hiyo ya zamani ndiye aliyeweza kuiunganisha na kitu kipya. Isitoshe, mashine hizi zinajifunza kwa picha zilizopo. Pale ambapo picha ni chache au zimekosewa, ndipo zinapokosea zaidi: msokoto wa khanga, nywele zilizosukwa, ngozi nyeusi kwenye jua kali. Jifunze akili unde kwa bidii, kama kifaa cha kazi, juu ya msingi wa fizikia na hesabu. Bila msingi huo utabaki kuiandikia mashine maombi.

Sasa mjomba wako. Mpe heshima yake yote. Amekupa paa, kazi, na kompyuta ya kujifunzia, na anachoogopa ni wewe kukosa mkate. Usibishane naye kuhusu katuni. Mwambie ukweli wa soko, nami nakupa ukweli huo. Hapa nyumbani tangazo la kazi ya utafiti wa animesheni ni nadra kuliona. Kuna utengenezaji: Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikirusha vipindi vya animesheni vya kufundisha watoto tangu 2014, na wapo wengine wadogo. Kuna kufundisha chuo kikuu. Na hesabu hizihizi zinatumika kwenye picha za hospitali, ramani, usanifu wa majengo na michezo ya kompyuta, kwa hiyo shahada ya kompyuta yenye hesabu nzito haitakuacha na njaa hata njia ya utafiti ikichelewa. Utafiti wenyewe, kwa sehemu kubwa, utakutoa nje ya nchi kwa muda: uzamili, kisha udaktari wa miaka mitatu hadi sita. Jambo ambalo wazazi wengi hawajui, na mjomba alisikie, ni kwamba kwenye fani hii mwanafunzi wa udaktari Ulaya na Marekani kwa kawaida analipwa posho au mshahara na hatoi ada. DAAD ya Ujerumani, Jumuiya ya Madola na Erasmus Mundus wana ufadhili wa uzamili unaostahili kuombwa. Ada ukiambiwa utume kwa wakala kwanza, kimbia.

Vifaa. Kompyuta ya dukani inatosha kwa mwaka wa kwanza. Khanga ya nukta 2,500 haihitaji kadi ya grafiki ya milioni mbili, inahitaji uvumilivu na umeme usikatike kabla hujahifadhi. Andika kwanza kwa Python, polepole, uone hesabu. Ukishaielewa, iandike tena kwa C++, maana programu kubwa za fani hii zimeandikwa kwa lugha hiyo. Tovuti ya Shadertoy inakuwezesha kuandika programu ndogo za mwanga ndani ya kivinjari tu, na ina maelfu ya mifano ya kufungua na kuichokonoa.

Soma makala moja kwa mwezi. Waandishi wengi huziweka bure kwenye kurasa zao. Usomaji wa kwanza tazama picha na video yake, wa pili soma utangulizi na mahali wanapokiri mipaka ya njia yao, wa tatu chukua kalamu na hesabu. Sehemu ya mipaka ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu pale waandishi wanakuonyesha kwa hiari yao kazi waliyoshindwa kuimaliza.

Na ukifika wakati wa kuwaandikia maprofesa, usitume barua ileile kwa watu hamsini. Chagua watatu ambao makala zao umezisoma kweli. Eleza kwa mistari michache umejaribu nini, kimevunjika wapi, na unadhani ni kwa nini. Weka video ya khanga yako, hata ile inayolipuka, pamoja na msimbo wake mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kuupakua na kuuendesha. Wengi hawatajibu, wana barua nyingi. Atakayejibu ataufungua msimbo kwanza, ndipo aangalie cheti chako.